Ukiona kitu ambacho vitabu havijakisema: jinsi watafiti wanavyokithibitisha na kukieleza

Wanafunzi wengi wakiambiwa watafute topiki ya risachi wanakimbilia maktaba kuangalia walioandika mwaka jana, wanabadilisha jina la wilaya, basi, proposal imekamilika. Mi naona tunapoteza watu wazuri sana hapo. Risachi ya kweli inaanza pale ambapo kitu ulichokiona kwa macho yako na kitu ulichofundishwa vinakataana, na badala ya kukipuuza unakaa nacho. Kutoka hapo mpaka kufika pa kusema jamani hiki ni kitu kipya kuna kazi kubwa, na kazi yenyewe haitofautiani sana uwe fizikia, udaktari, nyota au uchumi, vifaa tu ndo vinabadilika. Twende nayo kwa kesi za kweli, nyingi zimetokea hukuhuku kwetu.

Kitu cha kwanza kabisa: ukiona jambo usikimbilie kulieleza. Hakikisha kwanza kwamba lipo.

Chukua Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa fom three Magamba sekondari, kule Lushoto, na wavulana walikuwa wanajitengenezea aiskrimu, unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe ndo unaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi ya friji ilikuwa inagombewa, mwenzake mmoja akaweka maziwa ambayo hakuyachemsha kabisa, Mpemba naye akaona akisubiri atakosa nafasi, akaweka yake yakiwa ya moto. Baada ya kama saa moja na nusu yake yameganda, ya mwenzake bado mazito tu. Akamuuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganya mambo, haiwezekani.

Sasa angalia alichofanya baadaye maana hapa ndo pana somo lote la hatua ya kwanza. Hakubishana. Alikuja kuongea na rafiki yake aliyekuwa anauza aiskrimu Tanga mjini, akaambiwa wenyewe wanaweka ya moto kwa sababu inawahi kuganda, yaani watu wa kazi walishajua zamani ila hakuna aliyewauliza. Alipofika Mkwawa, Iringa, akakuta maabara ya biolojia iko wazi, akachukua bika mbili, moja maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friza. Kwa hiyo jambo lilelile limeonekana kwa watu wengine, mahali pengine, na kwa maji matupu badala ya maziwa. Na wewe fanya hivohivo: litoe jambo lako pale ulipolionea, badilisha mahali, badilisha kifaa, badilisha mtu anayeangalia, na usidharau watu wanaokishika hicho kitu kila siku kama wavuvi, wakunga, mafundi na mama ntilie. Wanajua mengi ambayo hayajaandikwa popote.

Halafu kuna namna ya kuuliza. Denis Osborne, profesa wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipotembelea Mkwawa, Mpemba hakumwambia hadithi ya aiskrimu, alimuuliza kwa vipimo: bika mbili za ujazo sawa, moja nyuzi 35 na nyingine nyuzi 100, ukiziweka kwenye friji, ile ya nyuzi 100 inaganda kwanza, kwa nini? Wenzake walicheka. Ila swali likiwa hivo mtu yeyote mwenye friji anaweza kwenda kulijaribu, na Osborne akarudi Dar akamwambia fundi wa maabara ajaribu, majibu yakaja yaleyale, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Ukishindwa kuandika jambo lako katika sentensi mbili ambazo mgeni anaweza kwenda kuzipima, bado hujalijua vizuri.

Hatua inayofuata ndo ngumu kwa roho: tafuta kila njia ya kuonyesha kwamba ni kosa lako. Jocelyn Bell alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa falsafa Cambridge mwaka 1967, kazi yake kusoma karatasi zinazotoka kwenye darubini ya redio, yaani inayopokea mawimbi ya redio kutoka angani, karibu mita 30 za karatasi kila siku, kwa macho. Akaona kialama kidogo kisichofanana na nyota wala na makelele ya hapa duniani. Walipokikuza wakakuta ni mapigo, kila sekunde 1.33, yamepangika kabisa. Mtu mwenye haraka angetangaza hapohapo. Wao wakaanza kuondoa kimoja kimoja, je ni mitambo yetu, je ni setilaiti, je ni mawimbi yanayorudi kutoka mwezini, na walichogundua ni kwamba alama inafuata saa za nyota, sio saa za ukutani, inawahi kama dakika nne kila siku, maana yake chanzo kiko huko juu na sio gari linalopita barabarani. Halafu Bell akaikuta nyingine kama hiyo upande mwingine wa anga. Ya pili hiyo ndo iliyomaliza ubishi, na taarifa ikatoka Februari 1968. Kwamba ni nyota za nyutroni, yaani mabaki mazito sana ya nyota zilizokufa, zinazozunguka kwa kasi, hilo lilikubalika baadaye, na waliotoa maelezo ni watu wengine. Kuliona jambo na kulieleza ni kazi mbili, na ya kwanza peke yake ni mchango mkubwa. Tuzo ya Nobel ya 1974 kwa ugunduzi huo ilienda kwa msimamizi wake, Bell hakuwekwa, na mi naona haikuwa haki.

Ukishaondoa makosa, lielezee jambo kama lilivyo kabla ya kusema sababu. Watu wa afya wana nidhamu hii na inafaa kuigwa. Mwaka 1952 ugonjwa ulilipuka huko Newala, uwanda wa Makonde, watu wana homa kali na viungo vinauma mpaka mtu hawezi kunyooka. Ilikuwa rahisi kabisa kusema ni dengi na kuendelea na kazi. Mtafiti Marion Robinson akaandika dalili moja baada ya nyingine, mwenzake Lumsden akaandika ugonjwa unavyotembea kijiji hadi kijiji, ripoti zao zikatoka 1955, na kutoka kwenye damu ya wagonjwa walewale ikapatikana virusi isiyojulikana. Hiyo ndo chikungunya ambayo leo imefika Bara Hindi, Karibi, Amerika Kusini. Bila maelezo yale makini ya dalili ingeendelea kuitwa dengi miaka mingi. Kwa hiyo andika: nani anapata, nani hapati, wapi, lini, kwa muda gani. Hasa nani hapati, watu wanasahau sana hiyo.

Denis Burkitt hakuisahau. Alikuwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala, akaanza kuona watoto wenye uvimbe wa taya wa namna moja, akachapisha 1958. Alichofanya baadaye kinanifurahisha kuliko maabara yoyote: alituma vikaratasi vyenye picha kwenye mahospitali akiuliza huu ugonjwa mnauona, akawa anachora ramani. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakachukua gari wakaenda kutoka Kampala mpaka kusini mwa Afrika, wiki 10, karibu maili 10,000, hospitali baada ya hospitali. Mwanzoni ilionekana ni suala la mwinuko, karibu na ikweta uvimbe haupo juu ya futi 5,000 hivi. Lakini kadri walivyoshuka kusini, mpaka huo wa mwinuko nao ukawa unashuka, na hapo wakaelewa kwamba sio mwinuko wenyewe, ni joto, na ukiongeza mvua unapata maeneo yaleyale ya malaria. Maelezo ya kwanza yalikufa barabarani na wakayaacha yafe. Mwaka 1964 watafiti Epstein, Achong na Barr wakaona virusi kwenye seli za uvimbe huo, na leo inaeleweka kwamba virusi hiyo na malaria vinashirikiana kuuleta.

Sasa ndo tufike kwenye maelezo, yaani nadharia tete. Usiwe na moja, andika zote unazoweza kufikiri, na mbele ya kila moja andika: kama hii ni kweli nitegemee kuona nini, na nikiona nini niitupe. Kwa maji ya Mpemba, kama ni uvukizi, yaani maji ya moto kupungua kwa kugeuka mvuke, basi ukifunika chombo tofauti ipungue. Kama ni barafu ya friji iliyo chini ya chombo inayoyeyushwa na joto, chombo kikagusana vizuri na friji, basi ukiweka chombo juu ya kitu kisichopitisha joto tofauti ipotee. Ukikuta nadharia haina chochote cha kuiangusha, iache, haitakusaidia.

Kwenye uchumi na jamii mambo ni magumu zaidi kwa sababu huwezi kuwapangia watu maisha. Kabla ya M-Pesa, iliyoanza Kenya Machi 2007, watu walishakuwa wanatumiana vocha kama pesa, na walioliona hilo waliona mapema kitu kikubwa. Baadaye swali likawa, je inasaidia kaya au wanaotumia ni wale ambao tayari wana uwezo? Wachumi Tavneet Suri na William Jack wakafuatilia kaya kwa miaka, na walipotaka kupima umaskini hawakulinganisha mtumiaji na asiyetumia tu, walilinganisha maeneo ambako mawakala waliongezeka sana na ambako waliongezeka kidogo, maana wakala kufungua kibanda jirani na wewe sio uamuzi wako. Mwaka 2016 wakakadiria kwamba kaya 194,000 za Kenya zilitoka kwenye umaskini uliokithiri, kama asilimia 2. Mbinu hiyo ikumbuke ukiwa unafanya risachi ya jamii: tafuta mabadiliko ambayo wahusika hawakujichagulia.

Mwisho ni kuandika, na hapa usifiche kitu. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza, Burridge na Linden, walirudia jaribio la Mpemba kwa uangalifu lakini hawakupata ushahidi wa kutosha, na wakaonyesha kwamba ukisogeza kipimajoto kwa sentimita moja tu majibu yanaweza kuonekana tofauti. Mwaka 2020 wengine huko Kanada wakaonyesha jambo linalofanana, kitu cha moto kupoa haraka kuliko cha uvuguvugu, sio kwenye maji ila kwenye chembe ndogo zinazoelea, kwa hiyo ubishi bado uko hai. Basi andika kipimajoto ulikiweka wapi, chombo cha namna gani, maji ya kisima au ya bomba, friza ilikuwa na nini ndani, majaribio yaliyokataa yalikuwa mangapi, na nani alikuambia kwanza hata kama ni muuza aiskrimu, ili mtu wa miaka 50 ijayo aweze kufungua friza yake akaanzia ulipoishia.