Kula vizuri njiani, kutoka Tanga hadi Lushoto

Nauza vitenge minadani, kwa hiyo mchana wangu huishia kwa mama ntilie. Fika saa sita, wali ukiwa bado unafuka moshi. Ukichelewa utakuta ukoko na mchuzi ulioongezwa maji. Kabla ya kukaa, tazama pa kunawia: maji safi na sabuni vikiwepo, agiza. Salimia kwanza, kisha uliza bei: “Shikamoo mama, wali samaki shilingi ngapi?” Tanga mjini kula samaki wa nazi. Ukipanda Lushoto, hamia kwenye maharage na mboga za majani, maana kule bustani ziko jirani.

Jioni ni zamu ya chipsi mayai. Simama karibu na jiko. Mwombe kijana arudishe chipsi kwenye mafuta ya moto kabla ya kumimina mayai, na asigeuze mpaka chini pawe pa kahawia. Kama unaondoka nazo, kachumbari ifungwe peke yake; ikikaa juu, chipsi zinalegea kabla hujafika gesti. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku 2019, basi tembea na kikapu na bakuli lenye mfuniko.