Somo: Muziki wa kumtuliza mgonjwa wa moyo chumba cha dharura

Somo hili ni la wauguzi wa dharura, hapa Moshi na kule Arusha. Linahusu zile saa ndefu ambazo mgonjwa wa maumivu ya kifua amelala akisubiri majibu. Hofu humwaga adrenalini mwilini: moyo unakwenda mbio, presha inapanda, na msuli wa moyo ambao tayari umepungukiwa damu unahitaji oksijeni zaidi. Muziki hupunguza hofu hiyo kwa kiasi. Hauzibui mshipa.

Hatua ya 1: Tiba itangulie. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ndani ya dakika 10 tangu afike, aspirini ya kutafuna kama daktari ameagiza, kanula (mrija wa mshipani), monita (skrini ya mapigo na presha), damu ya troponini (protini inayoonyesha msuli wa moyo umeumia). Muziki unaingia wakati wa kusubiri kipimo cha pili cha troponini. Mgonjwa ambaye presha imeshuka, amechanganyikiwa, au kifua bado kinambana vilevile, bado hajafika hapo.

Hatua ya 2: Andaa simu mapema. Pakua nyimbo zikae ndani ya simu, kisha zima mtandao. Ukitegemea bando, tangazo litalipuka katikati ya wimbo au simu itaita, na mgonjwa atashtuka. Weka makundi manne: ala tupu, kwaya, kaswida na zilipendwa za polepole. Hesabu mdundo kwa sekunde 15. Ukipata 15 hadi 20, wimbo una midundo 60 hadi 80 kwa dakika, na huo unafaa. Sikiliza kila wimbo mpaka mwisho, maana tarumbeta moja ya ghafla inaharibu kazi yote.

Kwaya ina tahadhari yake. Huku kwetu Kilimanjaro, wimbo wa polepole unaoliwaza ibadani unaweza kuwa ndio ulioimbwa makaburini juzi. Mtu anayehofia kufa akiusikia, hofu inazidi. Kwa hiyo usikisie kwa kuangalia rozari au baraghashia. Uliza.

Hatua ya 3: Mpe uchaguzi. "Shikamoo baba. Dawa umeshapata, na moyo wako tunauona hapa kwenye monita. Tukiwa tunasubiri majibu, nikuwekee nyimbo? Unapenda zipi, na zipi hutaki kabisa?" Akikataa, usimbembeleze. Akikubali, mwambie akupe namba mbili, kutoka 0 hadi 10: hofu na maumivu. Ziandike pamoja na mapigo na presha.

Hatua ya 4: Vaa na washa. Futa hedifoni kwa spiriti ya 70% na uache ikauke. Kamba za barakoa ya oksijeni zitangulie, hedifoni ije juu yake, na waya wake usilale juu ya waya za ECG. Sauti iwe ndogo kiasi kwamba ukiongea kawaida kando ya kitanda anakusikia. Mfunike blanketi, baridi ya Julai Arusha humtetemesha mgonjwa, na kutetemeka huchafua mstari wa ECG. Dakika 20 hadi 30 zinatosha.

Hatua ya 5: Usimwache. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Mgonjwa aliyefumba macho na kunyamaza anaweza kuwa ametulia, na anaweza kuwa ameishiwa nguvu: presha imeshuka baada ya kidonge cha chini ya ulimi cha kutanua mishipa, morfini (dawa kali ya maumivu) imemlaza mno, au moyo umebadili mwendo. Kila baada ya dakika 10 mguse bega, mwite, muulize maumivu, tazama monita. Kengele za monita zibaki wazi. Maumivu yakirudi, zima muziki, mwite daktari, rudia ECG.

Mwishoni chukua tena namba zilezile. Usipime utulivu kwa mapigo peke yake: anayetumia atenolol (dawa inayopunguza mapigo) anaweza kuwa na mapigo 60 huku amejaa woga.

Maswali ya wauguzi

Swali: Hedifoni hatuna. Niwashe spika ya simu?
Jibu: Kwenye chumba cha wagonjwa wengi, hapana. Kitanda cha pili kinaweza kuwa na mtu anayekata roho. Tumia eafoni za mgonjwa mwenyewe, na sikio moja libaki wazi.

Swali: Kijana anataka Bongo Fleva ya kasi.
Jibu: Mwekee, sauti chini. Wimbo anaoupenda unamfaa kuliko wa polepole unaomchosha. Mapigo yakipanda na yasishuke ndani ya dakika tano, chagueni wimbo mwingine pamoja.

Swali: Mwenye betri ya moyo (kifaa kilichopandikizwa kifuani kuendesha mapigo) je?
Jibu: Hedifoni zina sumaku. Zikae masikioni tu, zisining'inie shingoni wala kuwekwa kifuani, hata zikiwa zimezimwa. Simu iwe sentimita 15 au zaidi kutoka ilipo betri.

Swali: Bibi wa Kimasai hajui Kiswahili, nasi hatuna nyimbo za kwao.
Jibu: Mwombe ndugu aliyemleta, mara nyingi anazo kwenye simu. Naye ndiye akutafsirie swali la maumivu, tena mfundisheni bibi ishara ya mkono ya "kinauma" kabla hamjawasha chochote.

Swali: Muziki ukifanya kazi, tuache dawa ya kutuliza?
Jibu: Hilo si la muuguzi kuamua. Mpe daktari namba za kabla na baada, ataamua yeye.