Namna ya Kuendesha Kikundi cha Watu Wanaoishi na Kichwa Maji (Hali ya Maji Kuzidi Kwenye Ubongo)
Kabla ya kuitisha kikao cha kwanza, mwombe muuguzi au daktari wa upasuaji wa ubongo awe mlezi wa kikundi, kwa kuwa maswali mengi yatahusu mpira unaowekwa mwilini kupitisha maji hayo kutoka kichwani hadi tumboni, ambao huweza kuziba hata baada ya miaka mingi. Kila mwanachama na jamaa zake wazijue dalili za kuziba: kuumwa kichwa kunakozidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida na, kwa mtoto mchanga, utosi uliovimba. Anayeziona dalili hizi aende hospitali mara moja, asisubiri kikao. Watu wazima wenye hali hii watengewe muda wao bila wazazi, maana wengi wamechoka kusemewa. Chagueni chumba tulivu, kwani kelele huwasumbua baadhi yao.