Bodi yako ya Arduino haijafa, shida ni draiva: namna ya kuinstoli kila kitu ukiwa Kigoma

Wakuu habari za saa hizi. Naandika hii kwa sababu ndani ya mwezi huu nimeletewa bodi tatu za Arduino (vibodi vya elektroniki unavyoviwekea programu viendeshe taa, vipimo na kadhalika) hapa Mwanga, kila mwenye nayo anasema imekufa, na zote tatu zilikuwa nzima kabisa. Mmoja alikuwa keshakata tamaa anataka kuitoa chipu atumie kwenye kitu kingine. Huku kwetu bodi siyo kitu cha kutupa kirahisi, ukishaitupa unaagiza nyingine Dar, ije na basi au treni, na reli yenyewe ni zaidi ya km 1,200, kwa hiyo unakaa na projekti yako mezani imesimama. Kwa hiyo kabla hujaihukumu naomba uifuate hii kwa utaratibu.

Kitu cha kuelewa kwanza: laptopu yako haiongei moja kwa moja na ile chipu kubwa ya ATmega328P inayobeba programu yako. Katikati kuna chipu nyingine ndogo ambayo ndo mkalimani, inapokea ya USB inageuza kuwa serial, yaani data inayopita biti moja moja kwenye waya. Kwenye Uno R3 orijino (Uno ni aina ya Arduino inayotumika sana) mkalimani ni ATmega16U2, ila hizi za bei nafuu tunazonunua wengi wetu zina CH340 ya kampuni ya WCH ya China, na bodi nyingi za ESP32 (aina nyingine ya bodi, yenye Wi-Fi) zina CP2102 ya Silicon Labs au hiyohiyo CH340. Na usione aibu kuwa na ya Kichina, Arduino tangu walipoanza kule Italia mwaka 2005 michoro yao wameiacha wazi, watu wanaruhusiwa kutengeneza. Tatizo ni kwamba laptopu ikiwa haina draiva (programu ndogo ya kuongea na kifaa) ya huyo mkalimani haisikii kitu, taa ya bodi inawaka kwa sababu umeme unafika lakini programu haiingii, na hapo ndo watu wanasema imekufa.

Sasa kabla ya draiva, kebo. Hapa naomba utulie maana nimeona mtu anainstoli na kufuta draiva siku mbili kumbe kebo ndo mbovu. Kebo zinazokuja na tochi, redio ndogo na spika za kuchaji mara nyingi zina nyaya mbili tu za umeme, zile mbili za data hazimo. Uno inatumia kebo nene kama ya printa, hiyo kwa kawaida haisumbui, wanaoteseka ni watu wa Nano (Arduino ndogo) na ESP32. Kama ni ya Type-C au maikro, ichomeke kwenye simu yako na laptopu, simu ikikuuliza kama unataka kuhamisha mafaili basi kebo ina data, ikichaji tu kimya hata ukiangalia kwenye setingi za USB hamna kitu, iweke pembeni.

Haya, programu ya kuandikia kodi na kuiingiza kwenye bodi, inaitwa IDE. Nenda arduino.cc, zipo aina mbili na kuchagua vibaya kutakulia bando. IDE ya 2 ni nzuri, inakukamilishia maneno ukiwa unaandika kodi, ila inataka Windows 10 ya 64-bit kwenda juu, faili lake linazidi MB 100, na ukiifungua mara ya kwanza inaanza tena kuvuta vitu vya bodi za AVR kwenye intaneti, kwa hiyo ukiipeleka kwenye laptopu isiyo na mtandao inakuwa kama haijakamilika. IDE 1.8.19 ni ya zamani, lakini mafaili ya Uno, Nano na Mega yamo ndani tayari na inakubali mpaka Windows 7. Kwa wanafunzi wenye laptopu za mtumba mimi nawapa 1.8.19 bila kufikiria mara mbili, unaibeba kwenye flashi unaizungusha Mwanga mpaka Ujiji na inafanya kazi bila hata MB moja ya bando. Wakati inajiinstoli ikikuuliza kama unaamini draiva fulani, kubali zote.

Draiva sasa. Chomeka bodi, bonyeza kulia kwenye alama ya Windows, fungua Device Manager. Ukikuta kwenye Ports imeandikwa USB-SERIAL CH340 na namba ya COM (jina la mlango ambao laptopu inaongea na bodi), mfano COM3, draiva ipo tayari, ruka hapa. Ukikuta kwenye Other devices kitu kama USB2.0-Serial kina pembetatu ya njano, hiyo ndo inalilia draiva. Kama hujui chipu gani usibahatishe, bonyeza kulia, Properties, Details, halafu chagua Hardware Ids. Ikianza na VID_1A86 ni CH340, VID_10C4 ni CP2102, VID_0403 ni FTDI, VID_2341 ni Arduino wenyewe. Na usipoona chochote kinachoongezeka wakati unachomeka, rudi kwenye kebo, au jaribu tundu lingine la USB.

Ya CH340 inaitwa CH341SER.EXE, ndiyo, 341, usishtuke, ni hiyohiyo. Ichukue kwenye tovuti ya WCH wenyewe wch-ic.com, haifiki hata MB 1. Tafadhali usichukue kwenye zile tovuti zenye vitufe vya kudaunlodi kumi, utaingiza virusi kwenye laptopu ambayo pengine siyo yako. Ifungue kama adimini, bonyeza Install, subiri iseme imefanikiwa. Ikisema imeshindwa, bonyeza Uninstall humohumo, chomoa bodi, ristati, chomeka bodi, rudia Install. Kuna watu Windows ikijiapdeti inawaletea draiva mpya ya CH340 na bodi inaonekana vizuri kabisa kwenye COM ila kuaplodi inagoma, hapo rudi Device Manager, Properties, Driver, bonyeza Roll Back Driver, irudi ya zamani, wengi wanapona hapo.

Baada ya hapo fungua IDE, kwenye Tools chagua Board yako kisha Port ile COM uliyoiona. Fungua File, Examples, 01.Basics, Blink. Usiiaplodi hivyohivyo! Bodi nyingi zinatoka kiwandani na Blink imo tayari, utaona taa inawaka na kuzima ukafikiri umefaulu kumbe ni ya kiwandani. Badilisha ile 1000 iwe 100 sehemu zote mbili, ndo uaplodi. Taa ikianza kupepesa harakaharaka, umeingia.

Ikigoma, soma maandishi mekundu chini, usiyaogope. Ukiona Access is denied, kuna kitu kingine kimeishika hiyo COM, mara nyingi ni Serial Monitor (sehemu ya IDE ya kutumiana maandishi na bodi) ya dirisha lingine, funga. Ukiona stk500_getsync na not in sync na una Nano, nenda Tools, Processor, chagua ATmega328P Old Bootloader (bootloader ni programu ndogo ndani ya chipu inayoipokea programu yako), Nano nyingi za Kichina shida yao ni hiyo moja tu. Kama ni Uno, chomoa chochote ulichounga pini 0 na 1, zile ndo njia ambayo programu inapitia. ESP32 ikibaki inaandika Connecting na vidoti, shikilia kitufe cha BOOT mpaka ianze kuandika, ndo uachie.

Kwa wa Linux nitaenda haraka, draiva ya CH340 imo tayari kwenye kernel, kinachokosekana ni ruhusa, andika sudo usermod -a -G dialout $USER halafu toka na uingie tena. Ukiwa na Ubuntu 22.04 na port inatokea na kupotea, ni programu ya brltty ya vifaa vya wasioona inaichukua CH340 ikidhani ni chake, kama hutumii vifaa hivyo andika sudo apt remove brltty.

Na wa ESP32 mjue vifurushi vyake kwenye Boards Manager (sehemu ya IDE ya kuongeza bodi) ni mamia ya MB. Kikishuka mara moja kwa mmoja wenu, nenda kwenye C:\Users, jina lako, AppData\Local, nakili folda nzima ya Arduino15 uweke kwenye flashi, mwenzio akiibandika sehemu hiyohiyo kwake hahitaji kudaunlodi tena. AppData imefichwa, washa Hidden items uione.

Ukimaliza yote na bado, fanya jaribio hili la mwisho kwenye Uno au Nano ndo useme imekufa. Unga waya kutoka RESET kwenda GND, waya mwingine kutoka pini 0 kwenda pini 1, fungua Serial Monitor, andika neno lolote utume. Neno likirudi kama ulivyoandika, basi kebo, draiva na mkalimani vyote ni vizima, tatizo liko kwenye chipu kubwa au bootloader yake, na bootloader inaandikwa upya kwa kutumia Uno nyingine kupitia mfano wa ArduinoISP. Lisiporudi, rudia na kebo nyingine na laptopu nyingine kabla hujasema chochote.

Ile bodi iliyotaka kuchomolewa chipu ilikuwa Nano, ilihitaji Old Bootloader tu. Sasa hivi iko Kibirizi kwenye boti ya dagaa, inapima betri ya taa, ikishuka chini ya volti 11.8 inapiga king'ora kabla taa hazijazima katikati ya ziwa.