Jinsi ya Kuuhesabu Mkeka Kabla ya Kuulipia

Ninafundisha hesabu skuli ya sekondari hapa Chake Chake. Kabla ya hapo nilibeti kwa miaka minne, nilipokuwa nasoma Dar es Salaam, kisha nikaacha. Kamari ni haramu katika dini yetu na Pemba hakuna asiyelijua hilo, kwa hiyo leo nitazungumzia hesabu peke yake. Vijana ninaokaa nao barazani jioni wanajua nani majeruhi na nani ana kadi nyekundu, lakini ukimuuliza mmoja wao mkeka wake wa mechi kumi, yaani beti moja iliyounganisha mechi zote hizo, unamgharimu nini, atakutajia dau tu, ile pesa aliyoweka. Dau peke yake halikuonyeshi kampuni ya kubeti inakata kiasi gani. Chukua kalamu, fungua kikokotoo cha simu, tuhesabu pamoja.

Hatua ya 1: Igeuze odi iwe asilimia

Odi ni nambari ambayo dau lako linazidishwa nayo ukishinda. Odi ya 1.80 kila mtu anaisoma hivi: weka 1,000, ukishinda unapokea 1,800, dau lako likiwa ndani. Sawa. Sasa gawa 1 kwa 1.80. Unapata 0.556, yaani asilimia 55.6. Hiyo ndiyo bei uliyouziwa: timu hiyo isiposhinda angalau mara 55.6 katika kila mechi 100 za namna hiyo, wewe unapoteza.

Fanya hivyo kwa matokeo yote matatu ya mechi moja. Tuseme mwenyeji ana 1.80, sare ni 3.40, mgeni ana 4.50. Utapata 55.6, 29.4 na 22.2. Jumlisha: 107.2.

Mechi haiwezi kuwa na zaidi ya asilimia 100. Hiyo 7.2 ya ziada ni ushuru wa kampuni, yaani makato inayojiwekea yenyewe, umefichwa ndani ya odi na haukuandikwa popote kwenye tiketi. Gawa 100 kwa 107.2 utaona kwamba katika kila shilingi 1,000 zinazowekwa kwa bei hizo, kampuni inatarajia kurudisha kama 933. Ishike nambari hiyo, tutairudia.

Hatua ya 2: Zidisha

Mkeka ni beti moja yenye masharti mengi. Mtu wa Wete, hapa Pemba, anayekwenda kwa mjomba wake Jang'ombe, Unguja, anapanda gari hadi Mkoani, anapanda boti hadi bandari ya Malindi mjini Unguja, kisha daladala. Gari likiharibika njiani, boti inaondoka bila yeye, hata kama bahari siku hiyo ni shwari. Mkeka nao uko hivyo: lazima kila kipande kitimie, na ndiyo sababu odi zinazidishwa.

Chukua mechi tatu zenye odi 1.80, 2.10 na 1.60. Zidisha zote: 6.048. Dau la 1,000 linakuwa 6,048 zote tatu zikiitika. Moja ikikataa, unapata sifuri.

Mama yangu alikuwa akishona mikeka ya ukindu. Ukili mmoja ukikatika aliufumua akashona mwingine, na mkeka ukaendelea kulaliwa. Huu wa kwenye simu hauna ufundi huo.

Hatua ya 3: Zidisha na ushuru pia

Hapa ndipo ninapoomba usome polepole, kwa sababu mimi nilichelewa miaka mitatu kulifahamu hili na hakuna aliyeniambia.

Odi zinapozidishana, ule ushuru wa Hatua ya 1 nao unazidishana. Chukua 1.072 (ile 107.2 ukiigawa kwa 100) uizidishe yenyewe kwa yenyewe kadiri ya idadi ya mechi, kisha gawa 1,000 kwa jibu. Mechi moja: kampuni inatarajia kurudisha 933 katika kila 1,000. Mechi nne: 757. Mechi kumi: 499. Nusu ya pesa imeshakatwa kabla mwamuzi hajapuliza filimbi ya kwanza.

Ndiyo maana matangazo yanasifu mikeka mirefu, na ndiyo maana kampuni nyingi zinatoa bonasi kwa anayeongeza mechi. Usiikubali bonasi kwa jina lake, ipime. Kwa mfano wetu wa mechi kumi, bonasi ingelazimika kuongeza malipo mara mbili ndipo tu irudishe kilichokatwa. Ukiona bonasi ya asilimia 20 au 30, unajua pengo lililobaki ni kubwa kiasi gani.

Hatua ya 4: Ifungue sistimu uone kilichomo

Wengi wakishachanikiwa sana, yaani mikeka yao ikipotea mara kwa mara, wanahamia kwenye sistimu, wakiambiwa kwamba huku hata mechi moja ikipotea bado unalipwa. Ni kweli unalipwa. Swali ni unalipwa ngapi.

Sistimu ya 2/3 ina maana umechagua mechi tatu, na kampuni inatengeneza mikeka midogo ya mechi mbili mbili. Mechi tatu zinatoa mikeka mitatu, kwa hiyo ukiandika dau la 1,000 kwa kila mkeka umetoa 3,000. Tumia odi zetu zile zile:

1.80 × 2.10 = 3.78
1.80 × 1.60 = 2.88
2.10 × 1.60 = 3.36

Zote tatu zikishinda unapokea 10,020. Pesa hizo hizo 3,000 zingewekwa kwenye mkeka mmoja wa kawaida zingeleta 18,144. Hiyo tofauti ndiyo bei ya kinga. Sasa ile ya 2.10 ipotee. Umepatia mechi mbili katika tatu, na unapokea 2,880. Umetoa 3,000. Simu itakuandikia kwamba umeshinda, nawe una hasara ya 120.

Kanuni ya 2/3 ni nyepesi: odi za mechi mbili zilizobaki zikizidishwa lazima zizidi 3. Mbili za 1.74 zinavuka kidogo tu. Mbili za 1.70 hazivuki. Na wale wanaopanga sistimu ya 2/3 kwa mechi wanazoziita za uhakika, zenye odi 1.30, wakikosa moja wanarudishiwa 1,690 katika 3,000.

Kuna sistimu zenye majina ya kigeni, na jina halikwambii idadi ya beti. Yankee ni mechi nne: mikeka sita ya mbili mbili, minne ya tatu tatu, mmoja wa zote nne, jumla 11. Heinz ni mechi sita, beti 57, jina likitokana na kampuni ya vyakula iliyojitangaza kwa aina 57 za bidhaa. Ukiandika dau la 500 ukidhani ni la mkeka mzima, Heinz itakukata 28,500. Kabla hujabonyeza, angalia kama kisanduku kinasema dau kwa kila beti au dau la jumla.

Hatua ya 5: Mechi iliyofutwa, na mechi moja iliyochaguliwa mara mbili

Kwa kawaida mechi ikifutwa odi yake inahesabiwa 1.00 na mkeka unaendelea na zilizobaki. Muda wa kusubiri mechi iliyoahirishwa unatofautiana, usome kwenye masharti.

Kuzidisha kunafaa pale tu ambapo matokeo hayategemeani. Timu kushinda 3-0 na timu hiyo hiyo kushinda si mambo mawili, la pili limo ndani ya la kwanza. Kampuni itakataa kuyaunganisha, au itakupa bei yake maalumu ambayo huwezi kuikagua kwa kuzidisha.

Hatua ya 6: Hesabu ile "mechi moja tu"

Hii ndiyo iliyoniweka mimi kwenye kubeti kwa muda mrefu. Nilikuwa na daftari, na pembeni ya mikeka mingi niliandika "mechi moja tu". Nilidhani nimekaribia.

Tuseme una mechi kumi, na kila moja ina nafasi ya asilimia 80 ya kuitika. Zote kumi kuitika: zidisha 0.8 mara kumi, unapata asilimia 10.7. Tisa kuitika na moja kukataa: 0.8 mara tisa, zidisha kwa 0.2, zidisha kwa 10 kwa kuwa yoyote katika kumi inaweza kuwa ndiyo iliyokataa. Unapata asilimia 26.8.

Yaani kwa kila mkeka mmoja unaoitika, tarajia miwili na nusu inayochanwa na mechi moja. Hata mtu anayechagua timu kwa kufumba macho ataikuta hali hiyo, mradi tu mechi zake zina nafasi hizo. Fungua tiketi zako za zamani, zihesabu zile zilizokufa kwa mechi moja, uziweke upande mmoja, na zilizolipa upande wa pili.