Spika za zamani zilizofufuliwa: jinsi ya kujua kama zinastahili bei yake

Hivi karibuni nimemsaidia mteja kuchagua kati ya JBL L100 Classic na KLH Model Five, spika mbili za leo zilizofufua miundo ya zamani. Hatua tulizofuata ndizo hizi.

1. Piga hesabu ya bei ya enzi zile

L100 ya mwaka 1970 iliuzwa takriban dola 270 kila moja. Kwa thamani ya fedha ya 2018, jozi ingezidi dola 3,000. L100 Classic ilizinduliwa mwaka huo kwa dola 4,000 kwa jozi. Tangu mwanzo haikuwa spika ya bei rahisi.

2. Tazama ndani

L100 ya zamani ilikuwa na krosova (sehemu inayogawa sauti nzito na nyembamba) ya kapasita mbili tu. Wufa, yaani kipaza cha besi, ya inchi 12 ilicheza bila kuchujwa, na twita, kipaza cha sauti nyembamba, ilikuwa ya karatasi. Classic ina krosova kamili na twita ya titani. Hii ni spika mpya iliyovaa sura ya zamani, basi ishindanishe na spika mpya za bei hiyohiyo. KLH wamebakiza boksi lililozibwa kabisa, na besi ya namna hiyo naipenda kuliko ya boksi lenye tundu: inapiga na kukoma.

3. Linganisha kiwango cha sauti

Hapa ndipo saa nyingi hupotea. Sikio huipenda spika yenye sauti kubwa zaidi, hata tofauti ikiwa ndogo kiasi cha kutoitambua. Spika ndogo ya LS3/5a, iliyobuniwa na shirika la utangazaji la BBC, hutoa kama desibeli 83 kwa wati moja, na L100 Classic hutoa 90. Ukiacha volyumu palepale, LS3/5a itaonekana dhaifu bure. Inahitaji nguvu mara tano ili zilingane.

Cheza pinki noizi (mvumo wenye sauti zote, nzito hadi nyembamba), weka kipimo cha desibeli unapokaa, usawa wa masikio. Programu ya simu inatosha kwa sababu unatafuta tofauti tu, ila simu ikae kwenye stendi. Mkono na mwili hubadili usomaji. Usitumie mlio wa noti moja: chumba hukuza noti fulani na kumeza nyingine, na ukisogeza kipimo shubiri moja namba inaruka. Spika yenye besi nyingi nayo hudanganya kipimo, hivyo ukiweza tumia pinki noizi ya kati ya hezi 500 na 2,000 pekee. Rekebisha hadi tofauti iwe chini ya nusu desibeli, kisha bandika alama kwenye volyumu kwa kila spika.

Jozi zote zikae mahali pamoja kwa zamu. Ukizipanga ubavu kwa ubavu, iliyo karibu na kona itapata besi ya bure. Mwisho, mtu mwingine azibadilishe nyuma ya pazia bila kukuambia.

4. Sikiliza

Anza na sauti ya mtu, halafu taarabu yenye fidla na ala ya kanuni. Fidla zikichoma masikio, KLH ina swichi ya ngazi tatu nyuma.

5. Jumlisha gharama zote

Stendi za L100 Classic huuzwa kando; KLH huja na zake. Mteja wangu alichukua KLH, nami nilikubaliana naye. Ukishindwa kutofautisha spika ya dola 4,000 na ya nusu bei nyuma ya pazia, dola 2,000 zinazobaki ni za sura. Kama sura hiyo unaipenda kweli, lipa.