Kabla ya kununua vyuma vya ndani vya injini ya stroka

Injini ya stroka ni injini iliyobadilishiwa krenki, yaani mtaimbo unaozungushwa na pistoni: ya kiwandani inatoka, inaingia nyingine inayoisafirisha pistoni mbali zaidi, juu na chini. Bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, ni ileile, ujazo unakua. Mfano uliozoeleka kuliko yote ni Chevrolet 350 (namba hiyo ni ujazo kwa inchi za ujazo), yenye silinda za kipenyo cha milimita 101.6 na stroku, yaani safari ya pistoni toka chini hadi juu, ya 88.4. Ukiitia stroku ya 95.25, ambayo asili yake ni krenki ya injini ya 400 ya ukoo huohuo, na ukapanua silinda hadi 102.4, unapata inchi za ujazo 383, takriban lita 6.3. Kwenye silinda nne, Mitsubishi 4G63 ya lita 2.0 hupokea krenki ya 4G64 yenye stroku ya milimita 100 badala ya 88, na silinda zikifika 85.5 inakuwa lita 2.3. Michanganyiko hii imerudiwa mara nyingi kiasi kwamba seti zake zinauzwa zikiwa tayari kwenye boksi moja, na hapo ndipo watu hulegea. Boksi halijui bloku yako imeshachongwa mara ngapi.

Anza na kazi ambayo injini itafanya, na mizunguko ya mwisho utakayoiruhusu. Stroku ndefu inaleta torki (nguvu ya kuzungusha) kwenye mizunguko ya chini na ya katikati. Haikuletei injini ya kupiga kelele kule juu. Hesabu yenyewe ni fupi: zidisha stroku (kwa mita) kwa mbili, zidisha kwa mizunguko ya dakika moja, gawanya kwa 60, na hiyo ndiyo kasi ya wastani ya pistoni. Stroku ya milimita 88 kwenye mizunguko 8,000 inatoa mita 23.5 kwa sekunde. Stroku ya 100 inaifikia kasi hiyohiyo kwenye mizunguko kama 7,040. Maana yake, ukibaki na vyuma vya ubora uleule, umepoteza karibu mizunguko elfu moja ya juu hata kabla ya kuwasha.

Tena kasi ya wastani inaficha jambo zito zaidi, nalo ni kile kinachotokea pistoni inapofika juu, inasimama kwa kitambo kidogo mno, kisha inavutwa kurudi chini. Kwa konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ya milimita 150 na mizunguko 7,000, pistoni ya stroku ya 88 inavutwa kwa nguvu ya takriban mara 3,100 ya uzito wake. Kwa stroku ya 100 ni zaidi ya mara 3,600. Pistoni na pini inayoishika kwenye konrodi zikiwa na gramu 450 kwa pamoja, konrodi inabeba mvuto unaolingana na uzito wa kilo 1,600 na zaidi, kila inapofika juu. Mbaya zaidi ni ule mpando wa kutoa moshi, kwa sababu hapo hakuna mgandamizo wa hewa juu ya pistoni wa kuizuia. Mzigo wote unaangukia bolti mbili za konrodi.

Kwa hiyo kama pesa zinatosha kitu kimoja tu cha daraja la juu, ziende kwenye bolti hizo. Ni kawaida kusikia mtu akijisifia krenki ya kufuliwa (ya chuma kilichofuliwa kikiwa cha moto, si kusubiwa) huku konrodi zake zimefungwa kwa bolti za zamani zilizokwishavutika. Jambo la kuzingatia ni kwamba bolti mpya zenye mkazo mkubwa huubana mfuniko wa konrodi kwa namna tofauti, hivyo tundu kubwa la chini linapoteza umviringo wake. Lazima lipimwe na kusawazishwa upya bolti zikiwa zimekazwa. Na katika kukaza, kipimo cha kuaminika ni jinsi bolti inavyorefuka, ikipimwa kwa maikromita kabla na baada. Spana ya torki inadanganywa na msuguano: badilisha mafuta ya kupaka kwenye nyuzi, na namba ileile ya torki inatoa mkazo mwingine.

Sasa hesabu ya kimo, ambayo ndiyo kiini cha shughuli nzima. Nusu ya stroku, jumlisha urefu wa konrodi toka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, jumlisha kimo cha pini, yaani umbali wa kutoka katikati ya pini hadi uso wa juu wa pistoni. Jumla hiyo inapaswa kukaribia sana umbali wa kutoka katikati ya krenki hadi uso wa juu wa bloku. Chukua 4G63: bloku ina milimita 229. Kwa krenki yake ya asili, 44 na 150 na 35 ni 229. Krenki ya stroku ya 100 inaingiza 50 mahali pa 44, kwa hiyo zile milimita 6 lazima zitoke mahali pengine, na kwa kawaida zinatolewa kwenye pistoni: kimo cha pini kinashuka hadi 29. Kwenye 383 yenye konrodi ya inchi 6, yaani milimita 152.4, hesabu ni 47.6 na 152.4 na 28.6, jumla 228.6, wakati bloku ina 229.2. Pistoni inabaki chini ya uso wa bloku kwa milimita 0.6, kama bloku haijawahi kusawazishwa. Ikiwa imeshasawazishwa, hilo pengo limepungua, na huwezi kulijua kwa kukisia.

Ndiyo maana bloku inapimwa kwanza, kabla ya oda yoyote. Pima kimo chake pembe zote nne, kwa sababu nyingi zimeinama. Pima unene wa kuta za silinda kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, hasa kama zimeshawahi kupanuliwa. Ukuta mwembamba unatetereka na ringi zinashindwa kuziba. Hakikisha vitanda vya beringi kuu vimenyooka katika mstari mmoja. Kisha jiulize kama bloku yenyewe inaweza kubeba nguvu unazozitaka. Bloku za kiwandani za Ford 302, ambazo hupelekwa 347 kwa stroku ya milimita 86.4, zinajulikana kwa kupasuka katikati nguvu zikikaribia farasi 500. Hapo hata krenki ya gharama kubwa kabisa haisaidii kitu.

Kuhusu krenki yenyewe, ya kusubu inatosha kwa injini ya barabarani isiyo na turbo na isiyokimbizwa mno. Ukiongeza turbo au mizunguko, nenda kwenye ya kufuliwa, na chuma kinachotajwa sana ni aloi iitwayo 4340. Iliyochongwa kutoka bonge moja ni ya mashindano, na wengi wanaoinunua hawaihitaji. Kinachowakwamisha watu zaidi ni vipimo vidogo vidogo. Shingo kuu (sehemu zinazozunguka ndani ya beringi kuu) za krenki ya Chevrolet 400 zina kipenyo cha milimita 67.3, za 350 zina 62.2, kwa hiyo ile ya asili lazima ikerezwe ndipo iingie. Zinazotengenezwa leo kwa ajili ya 383 zinakuja tayari. Sili ya nyuma, inayozuia oili isivuje nyuma ya krenki, nayo ilibadilika mwaka 1986 kutoka vipande viwili hadi kipande kimoja, na sehemu ya nyuma ya krenki ikabadilika pamoja nayo. Krenki ya aina moja haikai kwenye bloku ya aina nyingine bila adapta, na hata ikikaa, flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya krenki) ni nyingine.

Konrodi: urefu wake unachaguliwa ili pistoni ipate kimo cha pini kinachofaa. Watu wanaweza kubishana hadi asubuhi kuhusu uwiano wa konrodi na stroku. Ni kweli, 150 kwa 88 ni 1.70 na 150 kwa 100 ni 1.50, na ule wa chini unaisukuma pistoni zaidi ubavuni. Ila injini nyingi za viwandani zinaishi miaka na uwiano wa karibu 1.5. Mimi nisingetoa pistoni nzuri ili nipate konrodi ndefu zaidi kwa milimita chache. Umbo la bega la konrodi lina maana kubwa kuliko urefu huo, kwa sababu kwenye V8 yenye kamshafti (mtaimbo wa kamu zinazofungua valvu) ndani ya bloku, bega na kichwa cha bolti hupita karibu sana na kamu. Zipo konrodi zilizopunguzwa mabega kwa ajili ya stroka. Uliza hizo kwanza.

Pistoni huagizwa mwisho, ingawa ndiyo ambayo kila mtu hutaka kuichagua mwanzo. Namba zote zilizotangulia zinaishia kwake. Pistoni fupi inaweza kulazimisha tundu la pini kuingia kwenye mfereji wa ringi ya oili, na hapo huwekwa ringi bapa ya kutegemeza chini ya ile ya oili. Si kasoro, bali isisahaulike siku ya kufunga. Aloi za alumini za kufuliwa zinazokutana nawe ni mbili. 4032 ina silikoni kama asilimia 12, haitanuki sana, hivyo inakaa kwa nafasi ndogo ndani ya silinda na haigongi injini ikiwa baridi. 2618 ina silikoni kidogo sana, inavumilia mapigo ya turbo na mlipuko wa mapema, lakini inataka nafasi kubwa zaidi na hugongagonga hadi ipate moto. Kwa gari la kila siku lisilo na turbo, 4032 ina akili zaidi.

Usisahau mgandamizo. Ujazo ukiongezeka na chemba ya silinda hedi ikabaki ileile, uwiano wa mgandamizo unapanda wenyewe. Injini ya 4G63 yenye uwiano wa 8.8 kwa 1 ikipelekwa lita 2.3 bila kuongeza bakuli (shimo la juu) kwenye pistoni inafika karibu 10 kwa 1. Ukiwa na turbo na petroli ya oktani ya kawaida, hiyo ni njia fupi ya kutoboa pistoni. Mpe mtengeneza pistoni ujazo wa chemba uliopimwa kwa maji na bomba la sindano, unene wa gasketi iliyobanwa na kipenyo chake, ndipo akupe bakuli sahihi. Pengo kati ya uso wa pistoni na hedi liwe karibu na milimita moja kwa konrodi za chuma. Likizidi sana, mchanganyiko hauvurugiki vizuri na injini inakuwa nyepesi kugonga.

Vyuma vikifika, visifungwe moja kwa moja. Funga kwa majaribio, beringi zikiwa na oili kidogo, na zungusha krenki kwa mkono taratibu mizunguko miwili kamili, silinda moja baada ya nyingine. Tafuta angalau milimita 1.5 kati ya konrodi na ukingo wa chini wa silinda, na kama hivyo pia kwenye kamu, sampu (karai la oili) na bomba la kunyonyea oili. Pakibana, ukingo unasagwa kidogo, ila ujue maji ya kupozea yako upande wa pili. Angalia pistoni ikiwa chini kabisa: kwa konrodi ya urefu uleule, pini imeshuka kwa nusu ya stroku iliyoongezwa, na mapande ya mizani ya krenki yanaweza kugusa sketi (ubavu wa chini) ya pistoni. Weka plastisini juu ya pistoni kupima nafasi ya valvu. Milimita 2 kwa valvu za kuingiza na 2.5 kwa za kutoa moshi ni mwanzo mzuri. Beringi za konrodi zinataka nafasi ya takriban milimita 0.05 kwa shingo ya 50. Pengo la ringi ya juu, kwa silinda ya 86, ni karibu 0.34 bila turbo na hadi 0.5 ukiwa nayo, maana ringi ikipata joto na ncha zikagusana, inavunja pistoni.

Majaribio yakipita ndipo kila kitu kinakwenda kusawazishwa mizani: krenki, konrodi, pistoni, pini, ringi, hata beringi, vyote kwa pamoja, kwa sababu pistoni mpya si uzito wa ile ya zamani. Peleka pia puli ya mbele na flaiwili. Krenki ya 400 ilisawazishwa kwa uzito uliowekwa kwenye puli na flaiwili, lakini ile ya 350 ya zamani ilimaliza mizani yake ndani. Ukichanganya krenki ya namna moja na puli ya namna nyingine, mtetemo utakula beringi kuu mapema sana, na fundi atakayeifungua atadhani tatizo lilikuwa oili.